Mshenga na Sukari Yake

Jina lake sitalitaja. Kwetu Nyamiaga, wilaya ya Ngara, aliitwa Mshenga tu, na ukisema Mshenga hakuna aliyekuuliza yupi. Walikuwapo wengine waliojaribu kazi hiyo, wakapeleka posa za ndugu zao na kurudi wamenuna, lakini yeye ndiye aliyeitwa pale baba wa binti alipokuwa na kichwa kigumu, au pande mbili zilipokuwa hazisalimiani. Habari za kuzaliwa kwake na za ukoo wake nitaziacha. Alitumia nusu ya maisha yake kueleza koo za watu wengine mbele ya wakwe, na nadhani ukoo wake mwenyewe ulishamchosha.

Ndiye aliyeleta posa yangu. Baba alikuwa ameapa kwamba binti yake mwalimu hataolewa na mpasua mbao, na Mshenga akakaa sebuleni kwetu tangu asubuhi bila kutaja mbao hata kidogo. Alizungumzia mvua, akasifu migomba, akauliza habari za ng'ombe aliyekuwa akikohoa. Jioni baba akashindwa kuvumilia, akauliza mwenyewe, "Na yule kijana wako je?" Mshenga akamtazama kwa mshangao. "Yupi? Ah, yule. Nilikuwa nimeshamsahau." Nilikuwa jikoni nikisikiliza, nikacheka hadi mama akanifinya.

Alikuwa mtu wa mambo yasiyopatana. Yeye aliyepatanisha nusu ya kata hakusalimiana na kaka yake wa tumbo moja kwa sababu ya mpaka wa shamba, na wakikutana njiani kila mmoja alitazama migomba ya upande wake. Mbele ya wakwe maneno hayakumwishia, nyumbani aliweza kula, kunawa na kulala bila kusema zaidi ya "Asante, mama." Mke wake, ambaye sote tulimwita Bibi, alisema maneno ya mumewe huishia kwa watu na yeye huletewa makombo. Alisema hivyo akicheka, lakini si mara zote.

Kulikuwa na jambo moja ambalo kwa muda mrefu tulidhani ni ufundi wake. Katikati ya mazungumzo, hasa pale baba wa binti alipokuwa ametaja ng'ombe wengi kupita kiasi, Mshenga aliinuka, akaomba radhi, akatoka nje. Alirudi baada ya kitambo, akaketi, akanyamaza. Upande wa pili ulianza kuhangaika. Walidhani ametoka kushauriana na wazee wake, au amekasirika na anatafuta fimbo yake aondoke. Ng'ombe wakaanza kupungua wenyewe. Akitoka tena, walipungua tena. Vijana waliotaka kujifunza ushenga wakamwiga, wakawa wanatoka ovyo katikati ya vikao vya watu, wengine hata haja hawana.

Maskini, alikuwa anakwenda kukojoa. Akirudi aliomba maji, akanywa kikombe baada ya kikombe, na wenye nyumba wakaona huo nao ni utulivu wa mtu mzima.

Aliyegundua ni Bibi. Aliona sisimizi wamejaa nyuma ya nyumba, pale mumewe alipozoea kusimama, na kwa kuwa aliwahi kumwuguza mjomba wake mwenye ugonjwa huo, alijua maana yake. "Wadudu wameshakupima," alimwambia. "Sasa twende kwa daktari." Katika hospitali ya misheni mhudumu alichemsha mkojo wake ndani ya kichupa pamoja na dawa ya buluu, na ile buluu ikageuka rangi ya tofali. Mshenga alinisimulia baadaye kwamba alitaka kumwomba mhudumu arudie, maana katika kazi yake alizoea kukataliwa mara ya kwanza na kukubaliwa mara ya pili.

Wakampa vidonge, wakamwambia aache sukari, asali, miwa, ndizi mbivu na pombe ya ndizi. Aliyakubali yote hadi walipofika kwenye pombe. "Hiyo si starehe yangu," alisema, "hiyo ni kazi yangu." Daktari hakuwa mtu wa kwetu, akadhani mzee ni mlevi.

Hapa lazima nieleze. Kwetu posa haipiti kwenye mdomo mkavu. Pombe ya ndizi huletwa ndani ya kibuyu, mwenye nyumba hutumbukiza mrija wake na kunywa kwanza, mbele ya macho ya wote, ili ionekane kwamba hakuna kitu ndani. Kisha mshenga hunywa kwa niaba ya waliomtuma. Akinywa, neno limepokelewa. Akikataa, amewaambia wenye nyumba kwamba ni watu wa sumu, na hapo hata vijana wawe wamependana vipi, wazee huinuka na kuaga. Mshenga asiyekunywa alikuwa sawa na padri asiyegusa mkate.

Basi akabuni mrija usiovuta. Aliuweka mdomoni, mashavu yakacheza, koo likapanda na kushuka, akatoa pumzi ya kuridhika, na pombe ikabaki palepale. Katika nyumba zetu zenye giza na moshi hakuna aliyeona. Bibi ndiye aliyemfanyisha mazoezi nyumbani kwa kibuyu cha maji, amesimama mbele yake mikono kiunoni, akimwambia, "Koo, mzee. Koo halijashuka."

Mtu atauliza kwa nini hakusema ukweli yakaisha. Anayeuliza hivyo hakuishi Kagera miaka ile. Mtu akikonda, watu walikuwa na jibu moja tu. Ukimwi ulikuwa umepita katika nyumba nyingi, na kila familia iliyouguza ilisema ni malaria, ni kifua, ni sukari. Neno sukari lilikuwa limechakaa kwa kufunikia. Mshenga alikuwa amekonda, na alijua kwamba siku atakayosema ana kisukari, watu watamwambia pole, na wakifika njiani watasema lile lingine. Nani angemtuma mtu wa namna hiyo akamletee mke? Kwa hiyo alivaa koti juu ya koti, na ndani yake sweta, jua la Agosti likiwaka, ili mabega yaendelee kuonekana mabega. Tulimtania kwamba amekuwa balozi wa nchi ya baridi. Alicheka pamoja nasi, jasho likimtiririka hadi kwenye kola.

Nyumbani, Bibi alikuwa daktari, mpishi na askari. Alimpimia ugali kwa ngumi yake mwenyewe, akaijaza sahani iliyobaki maharage na isombe, yale majani ya mhogo ya kutwanga ambayo Mshenga alisema yanamfanya ajione mbuzi. Alimtii mkewe kwa adabu zote, kisha akatafuta mlango wa nyuma. Siku moja Bibi alimkuta kwenye shimo la kuivishia ndizi, amefukua udongo na kufunua majani, ameinama hadi mabega yamezama. Mshenga hakushtuka. Alijiinua polepole, akajifuta mikono, akasema alikuwa anaangalia kama zimeiva, kwa ajili ya wageni.

"Wageni gani?" Bibi akauliza.

"Watakaokuja."

Bibi akazitoa zote akazigawa kwa majirani. Tulikula ndizi za Mshenga kwa siku kadhaa, tukamsifu kwa ukarimu wake, naye akaitikia sifa zile kwa uso wa mtu aliyefiwa.

Kisha wakimbizi wakaja, Wanyarwanda na Warundi. Waliovuka mto wa mpakani walikuwa wengi kiasi kwamba vilima tulivyovijua viligeuka rangi, vikawa buluu ya maturubai, na miti ikaisha kwa kuni. Sokoni kukaonekana unga wa njano na mafuta ya msaada. Hospitali ilielemewa, na vidonge vya Mshenga, ambavyo hata kabla ya hapo vilikuja kwa kusuasua, vikakosekana kabisa. Akasikia kwamba kambini kuna hospitali ya mahema. Akaenda, akapanga foleni jua zima, na alipofika mbele akaulizwa kama anaharisha, ana homa, au ana jeraha. Hakuwa na lolote katika hayo.

"Mwalimu, niliona haya," aliniambia baadaye. "Watu wanakufa kwa kuhara mbele ya macho yangu, na mimi nimesimama pale na ugonjwa ambao hata haunukii."

Aliyemwona ni muuguzi mmoja, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, yeye mwenyewe mkimbizi. Kazi yake ya mchana ilikuwa kipindupindu. Jioni aliwakusanya nyuma ya hema lake watu wa sukari na wa presha waliokuwa wamekimbia makwao bila vidonge vyao, maana mtu akikimbia hubeba mtoto na sufuria. Hao hawakuwa na foleni yao. Baadhi walikuwa wamekufa tayari, kimya, na watu wakasema ni uchovu wa safari. Muuguzi aliwagawia vidonge vichache alivyoweza kuvipata, na pale ambapo vidonge havikuwapo aliwagawia maelezo. Mshenga akawa mwenyeji pekee katika kikundi kile, na alikwenda kwa bidii kuliko alivyokwenda kanisani.

Huko alijifunza kukagua nyayo zake kila jioni na kutotembea peku hata shambani, jambo lililowafanya watu wamwite mzungu. Alijifunza pia jambo lililotuchanganya kabisa, nalo ni kutembea na sukari mfukoni. Muuguzi alimweleza kwamba vidonge vinaweza kuishusha sukari mno, mtu akatetemeka na kuanguka asipolamba kitu haraka. Kwa hiyo yeye aliyekatazwa sukari akawa na sukari kwenye kikaratasi, na kipande cha muwa katika koti la ndani. Watoto waligundua upesi. Walimfuata njiani wakimwamkia, "Shikamoo Mshenga," mara nyingi kuliko adabu inavyodai, naye aliitikia marahaba huku ameufumba mfuko kwa kiganja.

Sasa nifike kwenye posa ya kambini, maana ndiyo iliyomvua makoti.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alimpenda msichana wa kambini. Pande zote zilinung'unika. Kwetu walisema anaoa mtu asiye na kwao. Kwao walisema mwenyeji atamtupa binti siku watakaporudishwa. Mshenga alipenda kazi ngumu, akakubali, na mimi na mume wangu tukaenda naye kama watu wa upande wa kijana. Nilimwona njiani akisimama kila mara kunywa maji. Kumbe kwa muda alikuwa hajapata vidonge, hata kwa yule muuguzi.

Tulipokelewa chini ya turubai mchana kweupe, na mwanga ulipenya ile plastiki ukamulika kila kitu. Baba wa binti alikuwa mzee mkavu aliyepoteza watoto kabla ya kuvuka mto, na binti huyu ndiye aliyebaki. Sijui ndizi za kutengenezea pombe alizitoa wapi, maana kambini hapakuwa na mgomba. Nadhani familia ilijinyima mgawo wake. Kibuyu kililetwa kwa heshima zote, kimefunikwa majani. Mzee akatumbukiza mrija, akanywa, akampisha Mshenga.

Mshenga akafanya yale aliyozoea. Mashavu, koo, pumzi. Kizee mmoja wa upande wa binti, aliyekuwa amechuchumaa karibu kabisa na kibuyu, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Huyu hanywi."

Watu wale walikuwa wametoka mahali ambapo jirani alimwogopa jirani, na kambini woga ule walikuwa wamekuja nao. Kukataa kinywaji chao kulikuwa ni kuwaambia wote kwa pamoja kwamba ni wauaji. Baba wa binti akauchukua mrija wake, akanywa tena, polepole, kisha akasema kwa Kirundi, ambacho sisi Wahangaza hatuhitaji mkalimani kukisikia, "Nimekunywa mbele yako. Unangoja nife ndipo uamini?"

Mshenga angeweza kusema. Nilimwona akilitafuta neno. Alimtazama shemeji yangu, aliyekuwa ameinamisha kichwa, akautazama uso wa yule mzee, kisha akainama akanywa. Akanywa kweli, na walipomwongezea akanywa tena, maana pombe ya kupatana hainywewi nusu. Kikao kikachangamka, wanawake wakaanza kuimba, na binti akapatikana. Mimi nilikuwa sijui kitu. Nilifurahi kama wengine.

Hakufika mbali. Tulipokaribia kutoka kambini alianza kusema maneno yasiyoeleweka, akatapika, akakaa chini, na tulipomwinua hakuweza kusimama. Tukambeba hadi kwenye mahema ya hospitali, na yule muuguzi akaja akikimbia, akamnusa pumzi, akatutazama kwa hasira kana kwamba ni sisi tuliomnywesha, na kwa kweli ni sisi.

Habari zilifika Nyamiaga zimeshabadilika: wakimbizi wamemtilia Mshenga sumu. Vijana wakaanza kunoa mapanga. Wakimbizi wengi walikuja kwetu siku ya soko kutafuta vibarua na kubadilisha unga kwa ndizi, na vijana wakasema soko linalokuja watawasubiri pale njia panda. Huko kambini baba wa binti alikuwa amekaa nje ya hema la hospitali, amekataa kula. Nilimsihi aende akapumzike. "Mama, nikapumzike wapi?" akaniambia. "Huyu akifa, watu wangu watalipia."

Mshenga alipopata fahamu, muuguzi alimwambia yote. Akaomba arudishwe nyumbani. Muuguzi akakataa, akasema bado ni mgonjwa sana, wakabishana, na huyo mama ndiye mtu pekee niliyewahi kuona anamshinda Mshenga kwa maneno. Mwisho walikubaliana asubiri Jumapili, na Jumapili tukambeba kwa machela hadi kanisani. Ibada ilikuwa imefika kwenye matangazo. Alishikwa mkono akasimama mbele.

Akavua koti la kwanza. Akavua la pili, kisha lile sweta. Alibaki na shati, na ndani ya shati hapakuwa na mtu tuliyemfahamu. Mama mmoja nyuma yangu akaanza kulia.

"Nitazameni vizuri," alisema. "Nina kisukari. Ninacho tangu kabla watu hawa hawajavuka mto. Nilikificha kwa sababu ninawajua ninyi na midomo yenu. Yule mzee alikunywa kabla yangu, kibuyu kilekile, na yuko hai. Aliyeniangusha ni mimi, nilikunywa nisichotakiwa kunywa ili watoto wa watu waoane. Sasa mkitaka kumkata mtu kwa ajili yangu, anzeni na mimi. Sina mbio."

Vijana hawakwenda njia panda. Walinung'unika, lakini hawakwenda. Shemeji yangu alioa.

Lakini Mshenga alilipa. Watu walifanya vilevile alivyotabiri: walimpa pole, na njiani wakasema lile lingine. Msimu mzima hakutumwa posa hata moja. Niliwaona watu aliowaozesha, wenye watoto ambao wasingezaliwa bila yeye, wakipita mbele ya nyumba yake na kwenda kumwita mtu mwingine. Ilinikasirisha wakati ule na inanikasirisha hadi leo. Yeye alikaa uani bila koti, akachambua maharage pamoja na Bibi, na Bibi akaniambia pembeni kwamba sasa angalau anapata maneno ya moto moto, si makombo.

Aliyevunja mgomo ule ni baba wa binti. Alikuwa na mpwa wake kambini aliyetaka kuoa, akaja mwenyewe kumwomba Mshenga. Wakati wa posa ile kibuyu kilipoletwa kilikuwa na maji matupu. Mwenye nyumba, ambaye yule mzee alikuwa amemweleza mapema, akanywa kwanza, akapokeza, Mshenga akanywa hadi chini, na neno likapokelewa kama kawaida. Kizee yuleyule alikuwapo, akachungulia ndani ya kibuyu, akaridhika. Baada ya hapo wenyeji nao wakaanza kurudi mmoja mmoja, wengine kwa aibu, na katika posa za Mshenga ikawa desturi kuweka vibuyu viwili. Wapo waliolalamika kwamba ndoa ya maji ni ndoa baridi. Mimi sijaona tofauti.

Tangu hapo akawa na posa ya pili, ya kuwapeleka watu kupimwa. Hakumwambia mtu, "Nenda ukapime." Alifika, akasifu migomba, akauliza habari za watoto, kisha akasema kana kwamba amekumbuka jambo la mtu mwingine, "Hivi siku hizi unaamka mara ngapi kukojoa?" Alikwenda hata kwa kaka yake. Alisimama kwenye ule mpaka wa shamba, akaiambia migomba kwa sauti ya kutosha kwamba ugonjwa huu hutembea katika damu ya ndugu na mwenye masikio akapime. Kaka akapima, akakutwa nao. Hawakuanza kusalimiana, lakini mmoja akiishiwa vidonge, mwingine alimtuma mtoto avipeleke.

Kisha likatokea jambo ambalo hakulitazamia. Bibi alianguka shambani, jembe mkononi, upande mmoja wa mwili ukawa umekufa, na haikuchukua muda akafariki. Daktari alisema ni presha, tena ya siku nyingi. Miaka yote ile alikuwa amempikia mumewe bila chumvi nyingi na kumhesabia vidonge, na hakuna aliyewahi kumfunga yeye kile kitambaa cha kupimia mkononi. Msibani Mshenga alikaa kwenye mkeka akirudia maneno hayohayo kwa kila aliyekuja kumpa mkono: "Sikumwuliza. Watu wote niliwauliza, yeye sikumwuliza." Tulilia naye.

Binti yake akamchukua kwenda kuishi naye Nyamigogo, Biharamulo, kwenye mashamba. Kambi za Wanyarwanda zikafungwa, za Warundi zikaendelea, na sisi tukaendelea na maisha. Nilisikia kwamba alipata kidonda kidogo kidoleni, kwamba hakukisikia kwa kuwa miguu ilishakufa ganzi, na kwamba walimkata mguu chini ya goti.

Nilimwendea miaka kadhaa baadaye, na sikwenda kumjulia hali tu. Nilikuwa nimekonda. Nilikuwa nakunywa maji kupita kiasi, na darasani ilinibidi niwape watoto zoezi ili nitoke nje. Nilijua kabla ya kupima, na nilipopima ilikuwa hivyohivyo. Mume wangu sikumwambia. Miezi ikapita. Alikuwa amekuwa mkimya, hanitazami mezani, analala amegeukia ukuta, nami nikadhani amenichoka. Nilimwambia nakwenda semina ya walimu Biharamulo.

Nilimkuta Mshenga uani, macho yamefifia, magongo yameegemea ukuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hiyo ni sauti ya mwalimu." Akanisogezea kigoda. "Kaa. Mvua huko kwenu inaendeleaje?"

Nikajibu habari za mvua. Akauliza za migomba, nikajibu. Akauliza kama ng'ombe wana afya, na hapo nikaanza kulia, kwa sababu nilikuwa naujua mwendo huo tangu sebuleni kwa baba, na nilijua swali linalofuata. Hakuliuliza. Aliomba binti yake aniletee maji.

"Bwana anajua?" akauliza nilipotulia.

"Hajui."

"Unamwogopa?"

"Ataniacha, mzee. Mwanamke mgonjwa wa maisha, wa vidonge na kupimiwa chakula. Na watu watasema ni lile lingine."

"Watasema," alikubali. Akapapasa magongo yake. "Nani alimleta kwako?"

"Ni wewe."

"Basi bado ni kazi yangu."

Binti yake alikataa, mimi nikakataa, na yeye akafanya kama hatusikii. Tulisafiri naye hadi Ngara, akiwa amenyoosha kile kipande cha mguu juu ya mzigo wangu, akiwasimulia abiria wenzetu habari za posa za zamani. Mume wangu alipotuona tumesimama mlangoni akashtuka, akamwamkia, akamshika mkono akamketisha. Mshenga hakukubali chai. Alikohoa kama mtu anayeanza kazi.

"Bwana mkwe," alisema, "safari ya kwanza nilikwenda kumwomba baba yake akupe huyu. Leo nimekuja kukuomba wewe umchukue tena. Ana kisukari, kama mimi. Amekificha kwa kukuogopa. Anayetakiwa kusema sasa ni wewe."

Mume wangu alinitazama, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. "Sukari?" akasema. Kisha mwanamume yule mpasua mbao akajifunika uso kwa mikono yote miwili, na kilio kikamtoka. Alikuwa ameona nikikonda. Alikuwa ameamua ni lile lingine, kwamba nimelipata au yeye ndiye aliyenipa, na miezi yote ile ya ukimya alikuwa akingoja tufe, mmoja wetu kwanza na mwingine baadaye, akijiuliza watoto watabaki na nani. "Namshukuru Mungu," alisema akijifuta machozi, akaanza kucheka. "Kumbe ni sukari tu."

Mshenga hakucheka. Aliinama, akakunja suruali taratibu hadi juu, akaacha kipande cha mguu wazi pale kwenye mwanga wa dirisha, na akakaa hivyo hadi mume wangu alipoacha kucheka.

"Ondoa hilo 'tu'," akamwambia.

Mume wangu alikitazama kile kipande. Alikitazama kwa muda mrefu, kisha akaniangalia mimi, miguu yangu, kandambili zangu. Akavuta kiti chake karibu na cha Mshenga.

"Sawa, mzee," akasema. "Anatakiwa kula nini?"

"Eeh," Mshenga akasema, akaegemea nyuma. "Sasa niletee hiyo chai, isiyo na sukari. Kikao ndiyo kwanza kinaanza."